Karani wa Makadara na Namba ya Kufungia

Nyakoe haina reli, wala haijapata kuwa nayo. Soko lake limekaa kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Oyugis, Ahero na Kisumu, na yeyote atakaye kusafiri husimama ukingoni mwa lami, akainua mkono, gari likasimama, akapanda, akalipa, akashuka, bila ya hati yoyote kumpitia mkononi. Kwa ajili hiyo lilinishangaza, na tangu siku ile halijaacha kunirudia akilini, jambo nililoliona katika duka moja dogo la soko hilo, ambamo niliingia kukwepa mvua ya alasiri: miongoni mwa sukari na chumvi na sabuni za miche kilikuwamo kijisanduku chembamba cha mbao, kimesimama wima, kimejaa vipande vya kadi ngumu vilivyokatwa kwa wembe kutoka maboksi ya viatu, vyote vya kimo kimoja na upana mmoja, vyote vimeandikwa namba kwa mkono uliotulia, na mwenye duka akivitoa kimoja kimoja kwa tundu la chini, kamwe si kwa juu.

Kazi ya vipande hivyo ni hii. Akina mama wauzao ndizi na mboga, waliosaliwa na bidhaa baada ya siku ya soko, huiacha mizigo yao dukani mpaka siku ifuatayo, kila mzigo kwa ada moja isiyobadilika, na kila mwenye mzigo hupewa kadi yenye namba, na namba hiyo hiyo huandikwa kwa chaki juu ya mzigo wake. Hilo ni la kawaida, na liko kila mahali watu wanapowekeana amana. Lisilo la kawaida ni lile lililofuata magharibi ilipokaribia. Mzee alifungua daftari, akaitazama kadi iliyobaki chini kabisa ya kijisanduku, akaandika namba yake. Juu ya namba hiyo ilikuwapo nyingine aliyoiandika asubuhi kabla ya kufungua mlango. Akaitoa ya asubuhi katika ya jioni, akazidisha baki kwa ada, akahesabu sarafu zilizokuwa katika mkebe, na hesabu mbili zilipokutana akapiga mstari mmoja chini yake, akatia sahihi. Hapakuwa na mkaguzi. Hapakuwa na mshirika wa kumwogopa wala mwajiri wa kumridhisha, kwa kuwa duka ni lake, na mkebe ni wake, na sarafu ni zake.

Nikamwuliza, "Mzee, hesabu hii ulifundishwa wapi?"

"Relini, mwanangu," akajibu bila ya kuinua macho. "Hiyo ndiyo namba ya kufungia. Karani hatoki dirishani kabla ya kuiandika."

Wateja wake humwita Omogaka, kwa taadhima ile ambayo Wagusii humpa mwanamume aliyekula chumvi nyingi, nami nitamwita vivyo hivyo, kwa kuwa alinisihi nisilitie jina lake gazetini. Alipata kuwa karani wa tiketi wa Shirika la Reli la Kenya, na katika stesheni zote alizotumika, aliyokaa kwa muda mrefu kuliko nyingine ni Makadara, mashariki ya jiji la Nairobi, katika miaka ya 1980 na 1990. Kazi yenyewe alifundishwa katika chuo cha reli kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1956, zama za shirika lile kubwa lililounganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Alipostaafu alirudi Kitutu, eneo ilimo Nyakoe, kwa wazee wake, akafungua duka, na pamoja naye ikaja desturi ambayo hakuna mtu aliyemlazimisha kuichukua.

Msomaji anaijua hadithi ya reli yenyewe, nami sitamchosha kwayo: jinsi ilivyofika uwanda wa Nairobi mwezi wa Mei 1899, ikafika ukingo wa ziwa, Kisumu ya leo, mwezi wa Desemba 1901, jinsi tawi la Thika lilivyofunguliwa mwaka 1913 kwa jina la tramu, kwa sababu idhini ya kujenga reli kamili isingepatikana London kwa wepesi, na jinsi tawi hilo lilivyorefushwa hata likafika Nanyuki mwaka 1930. Makadara ndipo tawi hilo linapoachana na njia kuu ya Mombasa. Upande mmoja wa stesheni imeenea mitaa ya wafanyakazi, Makongeni iliyojengwa kwa ajili ya watumishi wa reli, na Mbotela, na Maringo, na Jericho. Upande wa pili ni eneo la viwanda, lenye moshi na ving'ora na malango yafungwayo kwa saa isiyongoja mtu. Baina ya pande hizo mbili palihitajika gari la moshi la asubuhi na gari la moshi la jioni, na mahali pa kulipandia.

Gusii nayo haikuwa mbali na reli kama ramani inavyodhaniwa kusema. Zamani, mazao ya Kisii yalipotakiwa kwenda mbali, yaliteremshwa kwa barabara ya Oyugis, ambayo ndiyo ipitayo Nyakoe, hata kufika gati ya Kendu Bay, na pale yalipakiwa katika meli za shirika la reli lenyewe, kwa kuwa reli ndiyo iliyomiliki meli za ziwa, yakavushwa hadi Kisumu na kutiwa mabehewani. Omogaka mwenyewe alikwenda Nairobi mara ya kwanza kwa basi hadi Kisumu na kwa gari la moshi la usiku kutoka hapo, daraja la tatu, na anasema kwamba katika kufika huko hakumbuki sana ukubwa wa mji wala urefu wa majumba. Anakumbuka kile kipande cha kadi alichonyang'anywa mlangoni. Alikuwa amekishika usiku kucha akidhani ni chake.

Kipande hicho nitakieleza kwa kirefu, maana ndicho kilichonileta kwenye makala haya.

Ukubwa wake ni inchi mbili na robo kwa inchi moja na ziada kidogo, yaani milimita 57 kwa 31 hivi, na vipimo hivyo havikubadilika kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, kutoka Uingereza hadi Bara Hindi, kutoka Australia hadi Afrika ya Mashariki. Aliyekibuni ni Thomas Edmondson, fundi wa samani wa kaskazini ya Uingereza, mtu wa dini ya Wakweka, ambaye biashara yake ilifilisika, na kwa shida ya riziki akakubali kazi ya kusimamia stesheni ndogo ya Milton katika njia ya Newcastle na Carlisle, katikati ya miaka ya 1830. Wakati huo karani wa reli alimwandikia kila abiria hati yake kwa kalamu, kama ilivyofanywa katika magari ya farasi, na hapakuwa na njia ya kujua jioni ni hati ngapi zilizoandikwa na ni ngapi ambazo fedha zake zilipotelea mifukoni. Edmondson akakata kadi, akazipiga chapa mapema kwa jina la stesheni ya kutoka na ya kwenda, akazitia namba kwa mfululizo, akazipanga katika mirija. Mwaka 1839 alichukuliwa na reli ya Manchester na Leeds, utaratibu wake ukaenea kote, naye akawatoza wenye reli shilingi kumi kwa mwaka kwa kila maili ya njia yao. Inasimuliwa kwamba alipopata mali aliwalipa wote waliomwia tangu siku za kufilisika kwake, nami sioni ajabu kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyebuni kitu kisichomruhusu mtu mwingine kusahau deni.

Omogaka hakujua jina la Edmondson mpaka nilipomtajia, lakini aliijua kazi ya mikono yake kuliko mtu yeyote niliyepata kuongea naye. Nyuma ya dirisha la Makadara, anasema, palikuwa na kabati la mbao lenye safu za mirija iliyosimama wima, kila safu kwa stesheni moja na daraja moja, na kila mrija umejazwa kadi zilizolala moja juu ya nyingine, namba ndogo chini na namba kubwa juu. Karani huvuta kwa kidole kadi ya chini kabisa, na zile zilizobaki hushuka kwa uzito wao. Hawezi kuvuta ya katikati. Hawezi kuruka. Namba 4417 haitoki kabla ya 4416 kutoka, na kila itokayo huacha nyuma yake ushahidi wa kutoka kwake, kwa sababu ile iliyo chini sasa inasema kwa namba yake ni ndugu zake wangapi waliotangulia.

Baada ya kuvutwa, kadi hupitishwa katika mashine ya muhuri wa tarehe, chuma kizito kilichofungwa mezani kwa skurubu, chenye mdomo upande mmoja. Kadi hutiwa mdomoni kwa nguvu, chuma hulia kwa mlio mmoja mkavu, na tarehe inakuwa imekwisha kukaa. Kila alfajiri, kabla ya kitu kingine chochote, karani hubadilisha herufi za tarehe, na ole wake asahauye, kwa kuwa abiria mia kadhaa watasafiri na tiketi za jana, na kila mkaguzi njiani atakuwa na haki ya kuwateremsha. Omogaka anasema kwamba katika miaka yake yote hofu ya kusahau tarehe ilimwamsha kabla ya jogoo, na kwamba hata leo, akiwa hana mashine wala abiria, jambo la kwanza alifanyalo anapoamka ni kuitamka tarehe.

Lakini katika yote aliyonieleza, nililolipenda kupita kiasi ni habari ya tiketi ya mtoto. Hapakuwa na safu nyingine kwa ajili ya watoto. Mtoto aliyestahili nusu ya nauli alipewa kadi ile ile ya mtu mzima, ila karani alichukua mkasi akakata pembe moja ya kadi, na pembe hiyo, ambayo ilikuwa na namba, hakuitupa. Aliitia katika bahasha. Jioni, hesabu ilipoonyesha kwamba tiketi kadhaa zimetoka na fedha zilizopatikana ni pungufu kwa kiasi cha nusu nauli kadhaa, vile vipande vidogo vya pembe, kila kimoja na namba yake, ndivyo vilivyomtolea karani ushuhuda, vikapelekwa pamoja na taarifa kwa wakaguzi wa hesabu makao makuu. Nilimtaka anionyeshe, naye akatwaa moja ya kadi zake za boksi la viatu akaikata kwa mshazari, akaniwekea kiganjani kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kila mtoto wa Makongeni na Maringo aliyepelekwa mjini kwa gari la moshi, ama hospitalini ama kwa shangazi, aliacha kipande cha namna hiyo katika bahasha ya serikali. Najiuliza bahasha zile ziliishia wapi, na kama yuko mtu aliyezifungua zote, akazihesabu, au kama ilitosha tu kwamba karani alidhani yuko.

Nilimwuliza Omogaka swali hilo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba alipokuwa kijana aliamini kila pembe ilihesabiwa. Alipopata umri wa makamo aliingiwa na shaka. Na alipokaribia kustaafu aligundua kwamba shaka ile haikumfanya akate hata pembe moja kwa uzembe.

Namba ya kufungia ilikuwa na ukali wake pia, na hakunificha. Kanuni ya kazi ilisema kwamba tiketi isiyoonekana imeuzwa, na iliyouzwa ina fedha, na fedha zisipokuwapo karani huzitoa katika mshahara wake. Asubuhi moja ya masika, unyevu ulipokuwa umeingia katika kadi, mbili zilishikamana, akazivuta pamoja pasipo kujua, akazipiga muhuri mmoja, akampa mwanamke mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda zamu ya kiwandani. Jioni namba ilimwonyesha upungufu wa nauli moja. Alirudia hesabu mpaka taa zilipowashwa, kisha akalipa. Kesho yake, katika msongamano wa alfajiri, yule mwanamke aliacha foleni, akaja pembeni ya dirisha, akamwekea mezani kadi isiyo na muhuri, iliyojitenga na ya kwanza ilipokauka mfukoni mwake.

"Baba," akamwambia, "hii si yangu. Nilinunua moja."

Kadi ile ingaliweza kumsafirisha bure siku yoyote ambayo mkaguzi hakutazama kwa makini, na nauli ile kwa mfanyakazi wa zamu haikuwa kitu cha kudharauliwa. Omogaka aliituma kwa wakaguzi pamoja na barua ya maelezo. Nilipomwuliza kama alirudishiwa fedha zake, alicheka kwa upole akaanza kunieleza jambo jingine, nami sikuona insafu kumrudisha palepale.

Watu wengi wameandika juu ya msongamano wa magari yale ya moshi, vijana walioning'inia milangoni na waliokaa juu ya paa, na aghalabu wameandika kwa namna ya kuwalaumu. Omogaka hana lawama hiyo. Gari lililotoka Kahawa au Embakasi lilifika Makadara likiwa limekwisha kujaa, likasimama kwa dakika chache, na katika dakika hizo alipaswa kuwauzia watu wote waliokuwa mbele ya dirisha lake dogo, mkono wa kulia ukivuta kadi na kuipiga muhuri, wa kushoto ukipokea sarafu na kurudisha chenji, macho yakiwa juu ya uso wa abiria kwa sababu vidole vilikuwa vimezijua safu hata gizani. Mtu aliyening'inia mlangoni bila ya tiketi, anasema, huenda alikosa nauli, na huenda alikosa nafasi ya kufika dirishani kabla ya filimbi, na karani aliyekuwa nyuma ya dirisha hilo hana ujasiri wa kuwatenga hao wawili. Kinachomstaajabisha mpaka leo ni wingi wa waliolipa. Wangeweza kupita kando, kwa kuwa stesheni haikuwa na ukuta wa kumzuia mtu aliyedhamiria. Wakasimama foleni, wakanunua.

Stesheni ilitoa mengine zaidi ya tiketi, ingawa kwa jicho la mgeni ilikuwa jengo dogo na sakafu ya saruji. Palikuwa na mabenchi, na maji, na saa ya ukutani iliyokuwa saa ya mtaa mzima. Palikuwa na kipande cha reli kilichotundikwa kwa mnyororo, ambacho kiligongwa kwa chuma kuwaarifu watu kwamba gari limeachiwa njia kutoka stesheni ya jirani. Stesheni masta alikuwa na simu yake ya kuombea njia, kwani reli ni moja na magari ni mawili, na pasipo idhini ya mwenzake hakuruhusu gari kuondoka. Kadhalika palikuwa na chumba cha vifurushi, na Omogaka anakumbuka kwamba watu wa Kisii waishio Eastlands, yaani mitaa hiyo ya mashariki ya jiji, walikuja hapo kuulizia jinsi ya kupeleka magodoro na baiskeli kwao, wakashangaa kumsikia karani akiwajibu kwa Ekegusii. Wengine walianza kuja hata pasipo kifurushi. Walimletea barua awasomee, au walimletea salamu ampe mtu wa Nyakoe atakayepita, na dirisha la tiketi likawa, kwa saa zile za mchana ambazo hazikuwa na gari, baraza ya watu wa nyumbani.

Ninaandika haya nikijua kwamba magari ya moshi ya Nairobi yamepitia mengi tangu wakati huo. Mwaka 2006 reli ya zamani ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, mkataba ambao ulivunjika mwaka 2017. Mwezi wa Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni mpya ya Syokimau, yenye maegesho ya magari, na watu wa tabaka la kati wakaonekana relini kwa wingi usiopata kuonekana. Na mwaka 2020 yakaletwa kutoka Uhispania magari ya moshi yenye injini ndani ya mabehewa yake, yaliyotumika huko na kukarabatiwa, na stesheni kadhaa zikajengwa upya. Hayo ni maendeleo, nami nayafurahia. Tiketi ya kadi imekwisha, kama ilivyokwisha Uingereza mwaka 1990, na mahali pake pamechukuliwa na karatasi nyembamba ya mashine na malipo ya simu. Omogaka hailaumu simu. Anakubali kwamba simu huandika namba nyingi kuliko alizoziandika yeye katika umri wake wote. Neno lake ni moja tu: kwamba namba za simu husomwa na watu walio mbali na dirisha, ambao hawakuuona uso wa aliyelipa, ilhali namba ya kufungia ilisomwa kwanza na yule yule aliyepokea sarafu, jioni ile ile, akiwa peke yake.

Na hapa ndipo ninaporudishwa barabarani, kwa maana kila nilipomsikiliza nilikuwa nikiyasikia magari yakipita nje. Kila siku watu wa Nyakoe hupanda kwenda Kisii kazini, shuleni, hospitalini na sokoni, na kurudi. Huo ni usafiri wa kila siku wa kiungani kama ule wa Makadara, na abiria wake ni watu wale wale. Nauli yao hupanda mvua inaponyesha, hupanda Desemba, hupanda jioni, na utingo huipokea mkononi pasipo namba ya kufungulia wala ya kufungia. Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli za matatu zote nchini zilipwe kwa kadi badala ya fedha taslimu, na azma hiyo haikufika mbali. Wenye magari, madereva, utingo na abiria walikuwa na sababu zao mbalimbali za kutoipokea, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa za haki. Hata hivyo siwezi kuliacha swali. Mama aliyelipa mara mbili ya nauli ya asubuhi kwa sababu mawingu yamefunga ana kitu gani mkononi cha kumwonyesha mtu yeyote? Na utingo mwaminifu, kwa kuwa wako, na ni wengi, ana kitu gani cha kumshuhudia mbele ya mwenye gari amshukuye?

Kuna mazungumzo ya reli tena. Njia mpya ya kisasa, iliyofika Nairobi kutoka Mombasa mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019, imepangwa kuendelea hadi Kisumu, na ramani yake inapita Narok, Bomet na Nyamira, yaani mlangoni mwa Gusii, kwa mara ya kwanza katika historia. Nilidhani habari hiyo ingemfurahisha Omogaka kupita yote niliyomwambia. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza njia ya Mombasa na Nairobi ina stesheni ngapi za abiria. Nikamwambia ni tisa, katika mwendo wa kilomita 472. Akatikisa kichwa.

Akanieleza kwamba huko Makadara, katika safu zote za kabati lake, iliyoisha upesi kuliko nyingine ilikuwa ile ya safari fupi kabisa, Makadara hadi Nairobi, ambayo abiria angaliweza kuitembea kwa miguu akiwa na muda na viatu vizuri. Safu ya Thika ilidumu. Safu za mbali zilijaa vumbi juu. Ile fupi aliijaza tena na tena, na namba zake zilikimbia hata zikafika mwisho zikaanza upya, na kwa muda mrefu aliipima stesheni kwa safu hiyo, kama wale wasio na njia nyingine wanaihitaji au wanaipitia tu.

"Basi wewe mwandishi," akasema, "waulize hao wanaochora. Katika njia hiyo ya Nyamira, tiketi fupi kuliko zote itakuwa ya kutoka wapi kwenda wapi?"

Nikamwambia kwamba ramani niliyoiona imechora njia, haikuchora vituo vidogo.

"Ndiyo maana nakutuma," akasema. "Na uwaulize bei yake."